Sitini na Wanne, Wote wa Kwanza

Mamba, 3 Novemba 2024

Mwanangu Deogratias, mwenye jina la baba yangu,

Marahaba. Nakujibu kabla hujaniamkia, maana tangu uhamie mjini salamu zako huja nyuma ya shida zako. Huku wazima. Mbuzi wa Verdiana, yule jirani yangu wa ng'ambo ya mto, amezaa mapacha: mmoja mweusi, mwingine hana adabu. Goti langu la kushoto linatabiri mvua kuliko redio. Jumapili kwaya iliimba vibaya sana, na mimi nilikuwamo.

Usinipigie simu kuhusu barua hii. Simu ninayo, lakini neno la simu likishasemwa kila mtu anaondoka na lake, na kesho mnabishana. Mpe karatasi Malale, kondakta wa basi la huku. Ataifikisha, ingawa ataisoma njiani. Malale, nakusalimu.

Sasa jambo lenyewe. Huu ni msimu wangu wa kumi na sita nikiwa karani wa zamu za maji hapa mferejini. Mtu anayetaka maji kwenye majaruba yake ya mpunga anakuja asubuhi, namwandika, na anayeandikwa mapema anafunguliwa mapema. Namna yangu unaijua. Natafuta ukurasa wa jaruba lake kwenye daftari kubwa, naandika. Narudia yale yale kwenye daftari la pili, ambalo hulala kwa Verdiana ili nyumba moja ikiungua nyingine ibaki na habari. Namsomea mwenyewe, anaweka dole gumba, ndipo namwambia "tayari." Dakika saba kwa mtu mmoja. Tukianza saa kumi na mbili asubuhi, wa mwisho anaandikwa saa saba mchana, na anakuwa hanipendi.

Kalisti, mkulima mwenzetu wa hapa mferejini, anasema mimi ni lango lililoziba. Amelisema hadharani, mbele ya Mwenyekiti wa mfereji. Yeye anaahidi kuwaandika watu wote kichwani, eti ana kumbukumbu. Mkutano wa mwisho wa Februari utaamua nibaki au apewe yeye. Ukarani huu hauna mshahara, unajua hivyo. Lakini wakiuchukua, mimi nitakuwa mwanamke mwenye goti, basi. Inaniuma, sitaki kukuficha.

Wewe kazi yako ni mashine za kutunza maneno. Nisaidie. Ila usiniletee kitu cha kuniaibisha.

Shangazi yako,
Skolastika

*

Kawajense, Mpanda, 10 Novemba 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Hiyo ni salamu, nimeiweka mbele kabisa. Mke wangu Recho naye anakuamkia. Amepata kazi ya kushona sare za shule, na sasa nyumba nzima ina vipande vya kitambaa cha bluu. Jana nimekitoa kimoja kwenye wali. Mimi mzima, ila nimekonda kidogo kwa kufikiri.

Shangazi, hapo umefika kwa mwenyewe. Ofisi yetu inatengeneza mifumo ya kuandikisha watu, na mimi niko kwenye majaribio. Bosi wangu, Makarius, ameniambia mfumo wangu ukifanya kazi shambani msimu mzima, naajiriwa moja kwa moja. Kwa hiyo shida yako na yangu zinaoana kabisa.

Malale anakuletea kishikwambi na paneli ndogo ya sola. Unaandika jina, unagusa, kinasema "Tayari." Sekunde moja haiishi. Dakika saba, shangazi? Kwa dakika saba mimi nawaandika watu wote wa Mamba pamoja na ng'ombe wao. Madaftari yako yaweke sandukuni yapumzike, yametumika vya kutosha.

Jioni, kabla ya kukizima, bonyeza mahali palipoandikwa "Funga." Ni utaratibu tu.

Mwanao,
Deo

*

Mamba, 1 Desemba 2024

Mwanangu Deo,

Marahaba, ya safari hii umeistahili. Mvua imeanza, miche iko kitaluni. Verdiana ameng'olewa jino na sasa anacheka upande mmoja. Yule mbuzi asiye na adabu amekula kona ya kitabu changu cha nyimbo, na kwaya imeimba vizuri zaidi.

Kishikwambi chako kimefika. Jumatatu iliyopita nimeandika watu sitini na wanne, na umande haujakauka. Watu walibaki wamesimama tu, hawajui waende wapi, maana walikuja wamejipanga kukasirika hadi mchana. Lyamba, yule Msukuma mwenye ng'ombe wengi ng'ambo ya barabara, alirudi mara ya pili ili aambiwe tayari tena, kwa kuwa aliipenda ile sauti. Kalisti alikunja mikono. Halafu akaomba akiguse.

Nimefurahi, baba. Ila nina swali. Nikiandika kwa wino, wino nauona. Hiki kinasema tayari kabla kidole changu hakijainuka. Kimeandika wapi, na saa ngapi? Nauliza kwa sababu namjua mtu aliyekuwa akisema tayari haraka namna hiyo. Iko siku nitakusimulia.

Shangazi

*

Kawajense, 15 Desemba 2024

Shangazi yangu kipenzi, nguzo ya ukoo, karani wa makarani,

Shikamoo sana. Natumaini goti halijambo, jino la Verdiana halijambo, mbuzi wote wawili hawajambo. Hapa Mpanda mvua inanyesha, embe zimejaa sokoni, umeme unakwenda na kurudi. Recho amenishonea suruali ya bluu. Haikuwa lazima ufahamu hilo, lakini nimeona nikueleze.

Makarius amefurahishwa na habari zako. Amewasimulia wageni wawili. Mmoja aliandika kwenye kijitabu.

Umeuliza kishikwambi kimeandika wapi. Ni swali zuri. Mwanzoni mfumo ulikuwa unachukua sekunde nne kwa kila jina. Makarius aliutazama akapiga miayo miwili ndani ya jina moja. Nikaurekebisha. Marekebisho yenyewe ni mambo ya ndani, yatakuchosha bure. La muhimu ni ile Funga ya jioni. Unabonyeza, sivyo?

Na huyo mtu wa kusema tayari haraka, usijisumbue kunisimulia.

Krismasi njema,
Deo

*

Mamba, 9 Januari 2025

Deogratias,

Marahaba. Sisi wazima. Mbuzi wazima.

Juzi Jumanne ilikuwa siku ya kupandikiza miche, na kila mtu alitaka maji siku hiyo hiyo. Mawingu yalikuwa yamekaa siku tatu, sola haikula kitu. Nimeandika watu sitini na wanne. Wote wameambiwa tayari na yule mwanamke wako wa ndani ya mashine, kwa sauti, kila mtu kasikia. Ndipo kikazima. Tukakichaji kwa betri ya pikipiki. Kilipowaka kikaniuliza jina langu. Mimi, Deogratias, msimu wa kumi na sita, kikaniuliza mimi ni nani. Nikafungua orodha ya siku. Hakuna mtu. Si mmoja.

Mwenyekiti akauliza kwa upole, "Jamani, nani alikuwa wa kwanza?"

Watu sitini na wanne, wote walikuwa wa kwanza.

Lyamba akasema, "Mimi nimefika hapa jogoo hawajaamka. Waulizeni ng'ombe wangu."

Mama mmoja wa bondeni akasema, "Nyie mmefika leo. Mimi nimefika jana."

Kalisti akapanda juu ya ukuta wa lango, akasema yeye anayo orodha yote kichwani, tunyamaze aitaje. Tukanyamaza. Wa kwanza akajitaja yeye. Wa pili mama mkwe wake. Kwa wa tatu hakufika, maana jembe lilikuwa limeshainuliwa na mtu, na Kalisti akateremka.

Hakuna aliyeumia. Namna tulivyomaliza sitakuambia leo.

Nina swali moja, na ni lile lile la Desemba. Mashine ilipowaambia watu tayari, ilikuwa imeshaandika, au ilikuwa haijaandika? Wewe ndiye uliyeitengeneza. Nijibu kwa neno moja.

Skolastika

*

Kawajense, 20 Januari 2025

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena. Pole sana. Mpe pole Mwenyekiti, mpe pole Lyamba, wape pole na ng'ombe wake.

Nimechunguza jambo hili kwa kina. Kwanza, mawingu ya mwaka huu si ya kawaida. Pili, betri za vishikwambi hivi hazipendi unyevunyevu, na mfereji, kwa asili yake, una unyevunyevu. Tatu, betri ya pikipiki ina nguvu za ghafla ambazo zinaweza kukishtua chombo. Nne, wingi wa watu. Kwa hiyo ni mambo mengi yaliyokutana.

Nimempa Malale kitenge na sukari kilo mbili. Kitenge alikichagua Recho, kina bluu kidogo.

Makarius ameniuliza habari za Mamba. Nimemwambia mvua ni nyingi.

Mwanao,
Deo

*

Mamba, 2 Februari 2025

Deogratias,

Marahaba. Kitenge nimekipokea. Sukari nimeipokea, pungufu kidogo. Malale, nakusalimu.

Jibu sijalipokea.

S.

*

Kawajense, 16 Februari 2025

Shangazi,

Shikamoo.

Jibu ni hapana. Ilikuwa haijaandika.

Nimeianza barua hii mara sita, na kila mara mawingu yalikuwa yanaingia kwenye mstari wa pili. Sasa naeleza moja kwa moja. Kishikwambi kina mahali pawili pa kuweka jina. Pa kwanza ni kichwani mwake. Huko mambo ni ya haraka sana, lakini chaji ikiisha panafutika pote. Pa pili ni kwenye kadi yake. Jina likishaandikwa huko linabaki hata kizimwe mwezi mzima, ila kuandika huko kunachukua muda. Kwanza nilikiambia kiandike jina kwenye kadi, kihakikishe, ndipo kiseme Tayari. Hizo ndizo zilikuwa sekunde nne. Makarius alipopiga miayo, nikakigeuza. Kikawa kinasema Tayari kwanza, kinayashika majina yote kichwani, na kuyaandika jioni mtu akibonyeza Funga. Ni kama mama lishe anayekuambia "chakula hicho kinakuja" na moto hajawasha.

Sekunde nne, shangazi. Nimezizidisha mara sitini na nne. Ni dakika nne na kidogo. Hizo dakika nne ndizo nilizokuokolea, na kwa ajili yake nikawaongopea watu sitini na wanne kwa sauti ya mwanamke mzuri. Mawingu hayana kosa. Mfereji hauna kosa. Nilijua tangu Novemba, na nilikwepa swali lako la Desemba kwa sababu niliitaka ile ajira. Nimeona aibu kiasi kwamba Recho ameniuliza kama naumwa.

Jana nimemwambia Makarius yote. Ameniambia nitoke nje kwanza. Sijui kama nina kazi.

Mkutano wenu ni Jumamosi. Barabara imekatika, basi halipiti, na Malale anasema akipata pikipiki ya kuvukia atajaribu. Kama barua hii itakufikia, wasomee watu wote. Wasikuondoe wewe kwa kosa langu.

Deogratias

*

Mamba, 24 Februari 2025

Baba yangu Deo,

Marahaba, marahaba. Verdiana anakuamkia kwa meno aliyobakiwa nayo. Mpunga umesimama vizuri, kijani mpaka barabarani. Yule mbuzi asiye na adabu tumemuuza kwa Lyamba, na Lyamba anataka kumrudisha.

Barua yako imefika Jumamosi saa nne, mkutano umeshaanza. Malale alivuka maji kiunoni akiwa ameiweka ndani ya kofia. Alipofika alisema, "Mama, amekiri," kabla hata sijaifungua. Nikaisoma mbele ya watu yote, pamoja na mama lishe wako. Walicheka, halafu mzee mmoja akasema kijana huyu ana akili, mwambieni aje anywe maji ya huku. Nimebaki karani. Kalisti naye amepewa kazi, nitakueleza.

Sasa sikiliza namna tulivyomaliza ile Jumanne. Tangu siku ya kwanza ya kishikwambi chako, nilikuwa na msumari wa nchi sita uliopigwa kwenye kipande cha mbao, nimeuficha mapajani chini ya kanga. Nilikata kalenda ya mwaka juzi vipande vidogo. Mtu akitaja jina, nagusa mashine yako kwa mkono huu, na kwa mkono huu naandika jina kwenye kipande, nakichoma kwenye msumari. Jina tu. Sitafuti ukurasa, sirudii, simsomei mtu. Kipande cha chini ni wa kwanza, cha juu ni wa mwisho. Jioni ndiyo nakaa na Verdiana tunanakili kwenye madaftari mawili, taratibu, tukinywa chai. Uliposikia watu sitini na wanne wameandikwa umande haujakauka, ilikuwa kweli. Ila baba, mashine yako ilikuwa inanisubiri mimi.

Kwa hiyo Jumanne ile, Kalisti aliposhuka ukutani, nikainuka, nikauweka msumari mezani. Nikaanza kusoma kutoka chini. Wa kwanza alikuwa mjane mmoja mpole, ambaye katika kelele zote zile hakusema neno. Lyamba alikuwa wa arobaini na moja. Ng'ombe wake walinyamaza.

Ningeweza kukuambia Januari hiyo hiyo. Nimekuacha siku arobaini ukihangaika na mawingu kwa makusudi, kwa kuwa nilitaka kuona neno la kweli litachukua muda gani kutoka kichwani mwako hadi kwenye karatasi. Limechelewa, lakini limefika, na wino nimeuona.

Sasa na mimi nina la kwangu, nami nimechelewa kuliko wewe. Miaka kumi na tano.

Mwaka wangu wa kwanza wa ukarani nilikuwa mwepesi, watu wakinisifu. Sikuwa naandika asubuhi. Mtu alikuwa anataja jina, nasema "tayari," naendelea na mwingine, na jioni nayashusha yote daftarini kutoka kichwani. Kama mashine yako kabisa. Siku moja ya kupandikiza alikuja marehemu kaka yangu Gaudensi, baba yako. Nikamwambia, "Tayari, kaka." Mchana nikashikwa na homa. Jioni nikaandika nikitetemeka, majina yote, na la kwake likanitoka. La kaka yangu, katika watu wote. Nadhani ni kwa sababu wengine wangenigombeza, yeye nilijua hawezi. Maji hayakufunguliwa kwake zamu ile wala iliyofuata. Miche yake ilikauka. Mwaka ule ndio ulitakiwa kwenda kidato cha kwanza, ukakaa nyumbani. Uliambiwa ni jua. Halikuwa jua, Deo. Yeye hakunishitaki kwa mtu, alikuja akanunua mbegu upya akanisalimia kama kawaida, na mimi sikuwahi kumwambia pole mpaka tukamzika.

Zile dakika saba zote zilitoka hapo. Kalisti anadhani nilikuwa mzembe. Nilikuwa naogopa.

Sasa nimesema. Nimeyaandika maneno haya kwenye madaftari mawili, moja nimempa Verdiana, ili nisije nikakana.

Kalisti ndiye atakayenakili jioni. Mwandiko wake mbaya, lakini akishika msumari ananyamaza.

Shangazi yako,
Skolastika

*

Kawajense, 9 Machi 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Recho anakuamkia, ameacha bluu, sasa anashona kijani. Makarius ameniongezea miezi mitatu ya majaribio na kunipa kazi ya kuurudia mfumo wote. Nimeurudia kwa namna ya msumari wako. Kila jina linachomekwa kwenye kadi moja kwa moja, baada ya lililotangulia, bila kutafuta ukurasa. Likishakaa ndipo kinasema Tayari. Kurasa zinapangwa jioni. Sekunde moja na nusu. Makarius amepiga muayo mmoja tu.

Kuhusu baba. Nilijua.

Aliniambia mwaka ule ule, tukiwa jarubani tunang'oa miche iliyokauka. Alisema, "Shangazi yako alisahau, na atajiadhibu mwenyewe inatosha. Usije ukamwambia nimekuambia." Nikaapa. Ndiyo maana nilikuomba usijisumbue kunisimulia. Nimekaa na jambo hili miaka kumi na tano, nimelijua vizuri kuliko somo lolote nililosoma, halafu nikaenda nikatengeneza mashine inayofanya kosa lile lile kwa kutumia jua.

Sikuwahi kukuchukia hata siku moja. Baba alikusamehe kabla hajafika nyumbani, nami nimekusamehe. Ningeweza kukupigia simu niseme hivyo, lakini nakufahamu, ungeniuliza imeandikwa wapi. Imeandikwa hapa, kwa wino. Nakala ya pili anayo Recho. Pasaka nakuja Mamba, nitakaa mbele yako nikusomee, uweke dole gumba, halafu nitakuambia tayari.

Malale, na wewe nakusalimu. Usilie kwenye basi la watu.

Mwanao,
Deogratias Gaudensi